Gari halina dereva, lakini limejaa watu: niliyoyaona nikiyafundisha magari kuona

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu nimeuweka kiporo tangu mwaka jana. Kila ikizuka video ya lile gari jeupe la kampuni ya Waymo likijiendesha San Francisco, Marekani, usukani unazunguka wenyewe na kiti cha mbele kitupu, humu tunagawanyika kambi mbili: wanaosema ajira ya udereva imekwisha duniani, na wanaosema hayo ni maonyesho tu, hayatafika popote. Mimi siko kambi yoyote kati ya hizo. Kwa mwaka mmoja na miezi minane nilikaa mbele ya kompyuta kwenye chumba cha kupanga mtaa wa Umoja, Nairobi, nikichora maboksi juu ya picha za barabara ambazo sijawahi kuzikanyaga. Maboksi hayo ndiyo yanayolifundisha gari kutofautisha mtu na nguzo ya umeme. Nikikiona kile kiti kitupu, mimi nakiona kimejaa watu. Na nimekuja kuamini kwamba anayetaka kujua kampuni ipi ya magari haya itasimama na ipi itazama, atazame kwanza inavyowatendea watu hao: wanaochora, wanaosimamia kwa mbali, na wanaovuka barabara mbele ya gari.

Nianze na kazi yenyewe, maana wengi hawajawahi kuiona.

Juu ya paa la gari la majaribio hukaa kifaa kinachoitwa lida. Kinarusha miale ya leza pande zote, kinapima muda ambao kila mwale umechukua kwenda na kurudi, na kwa muda huo kinajua kitu kiko umbali gani. Kwenye skrini yangu matokeo yake yalikuwa giza lenye vitone, kama anga ya usiku usio na mwezi. Ukishazoea unaanza kuona. Gari lililo karibu ni herufi L ya vitone, kwa sababu leza imegonga ubavu mmoja na nyuma tu. Mti ni wingu. Mtu aliye karibu ana kichwa na mabega, lakini aliye mbali ni vitone sita au saba vilivyosimama wima, na ni wewe wa kuamua kama vile sita ni binadamu. Unafungua picha ya kamera ya wakati uleule, unalinganisha, unachora boksi: urefu, upana, kimo, na mshale wa kuonyesha anaelekea wapi. Unaenda fremu inayofuata, yaani picha inayofuata ya barabara ileile. Amesogea nusu hatua. Nawe unalisogeza boksi nusu hatua.

Kuna kipande kimoja cha rekodi kilinichukua saa tatu nzima. Mvua inanyesha, mji wa Marekani, bibi mmoja amesimama ukingoni mwa barabara na mwavuli. Upepo unautikisa mwavuli, kwa hiyo kwenye vitone bibi anaonekana kama uyoga unaopumua. Kando yake lori limeegeshwa, na chini ya lori, katikati ya magurudumu, naona viatu viwili vidogo. Kamera haikuonyesha kitu kingine chochote. Mwongozo wetu ulisema ukiona sehemu ya mtu, mchore mtu mzima kwa kadirio. Nikakisia kimo cha mtoto kwa ukubwa wa vile viatu. Mkaguzi akanirudishia kazi mara mbili akisema pale hapana mtu. Mara ya tatu nikamwandikia namba ya fremu ambayo kiatu kimoja kimenyanyuka kutoka ardhini. Akapitisha. Saa tatu zile nililipwa sawasawa na mtu aliyechora barabara tupu, kwa sababu malipo yalikuwa kwa kipande.

Siku nzuri nilipata shilingi 800 za Kenya. Siku ambayo mkaguzi ameamka vibaya nilipata 200, na tokeni za umeme nanunua mwenyewe. Asubuhi moja ya Alhamisi akaunti yangu haikufunguka. Hapakuwa na barua wala simu, na malipo ya wiki ile sikuyapata mpaka leo. Kampuni siitaji, na wala sikuja hapa kuombewa huruma. Nasema ili mjue kiti kile kitupu kimeanzia wapi.

Sasa mpime ukubwa wa kazi hiyo. Mwaka 2019 ilitolewa hadharani hazina moja ya data inayoitwa nuScenes, iliyokusanywa Boston na Singapore. Ina vipande 1,000, kila kimoja sekunde 20. Piga hesabu: hiyo ni saa tano na nusu za kuendesha gari, safari ya Mombasa mpaka kabla hujaingia Nairobi kama barabara haina malori. Saa tano na nusu hizo zina maboksi milioni 1.4. Kila nusu sekunde ya barabara ilipata wastani wa maboksi 35, na nyuma ya maboksi hayo ukatafute mikono na macho ya watu. Na hazina hiyo ni ndogo ukiilinganisha na zile ambazo kampuni zinajiwekea zenyewe. Mwaka 2018 BBC waliwaonyesha vijana wa Kibera wakifanya kazi ya aina hii katika ofisi ya kampuni ya Samasource hapa Nairobi. Kwa hiyo siongei habari ya siri. Ni habari ambayo haitajwi gari linapozinduliwa.

—

Naendelea. Nimeona mmeuliza historia, nitaipitia haraka kwa sababu moyo wangu uko mbele zaidi.

Wazo hili ni la zamani kuliko wengi wetu wanavyodhani. Profesa Ernst Dickmanns wa Munich alikuwa na gari la Mercedes lililojiendesha kwa kamera miaka ya 1980, na mwaka 1995 timu yake ilisafiri kutoka Munich hadi Denmark, sehemu kubwa ya njia kompyuta ikishika usukani. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walivuka Marekani kutoka Pittsburgh hadi San Diego kwa namna hiyo. Kisha DARPA, idara ya utafiti ya jeshi la Marekani, ikaweka zawadi ya dola milioni 1 kwa gari litakalomaliza mbio za jangwa la Mojave bila mtu ndani. Machi 2004 hakuna lililomaliza. Lililofika mbali zaidi lilikwama kabla ya kilomita 12, katika njia ya kilomita zaidi ya 220. Mwaka mmoja na nusu baadaye magari matano yalimaliza, na la kwanza lilikuwa Stanley la Chuo Kikuu cha Stanford, chini ya Sebastian Thrun. Google wakamchukua Thrun, wakaanzisha mradi wao mwaka 2009, na Desemba 2016 mradi ukawa kampuni inayoitwa Waymo.

Hapo fedha zikaanza kufurika. General Motors wakainunua Cruise, kampuni ya magari yanayojiendesha, mwaka 2016. Ford na Volkswagen wakaweka fedha kwenye kampuni nyingine ya aina hiyo, Argo AI. Uber wakaanza wao. Kila mtu akatangaza mwaka wa mwisho wa udereva, na miaka hiyo ikapita. Elon Musk, bosi wa Tesla, alisema Aprili 2019 kwamba mwaka unaofuata kungekuwa na teksi za Tesla zinazojiendesha zaidi ya milioni moja barabarani. Tesla walianza huduma hiyo Austin mnamo Juni 2025, kwa magari machache, kukiwa na mfanyakazi wao ameketi kiti cha abiria cha mbele.

Sasa nije kwenye baiskeli.

Katika mwongozo wetu kulikuwa na kanuni niliyoichukia mwanzoni. Mtu aliyepanda baiskeli ni boksi moja. Mtu anayeikokota baiskeli ni maboksi mawili: mtu peke yake, baiskeli peke yake. Nilikuwa nakosea sana, kwa sababu kwenye vitone mtu na baiskeli anayoikokota hushikana wakawa donge moja. Siku moja nikamuuliza kiongozi wetu kwa nini wanatukazia hivyo. Akaniambia nikasome ripoti ya Tempe. Nikaisoma usiku kucha.

Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, mjini Tempe, Arizona, mama mmoja wa miaka 49 aitwaye Elaine Herzberg alikuwa anavuka barabara akikokota baiskeli, mahali ambapo hapana kivuko. Gari la majaribio la Uber, Volvo XC90, lilikuwa linakuja kwa mwendo wa kilomita 60 na kitu kwa saa, likijiendesha. Bodi ya Marekani ya usalama wa usafiri, NTSB, ilieleza kilichotokea ndani ya kompyuta. Vifaa vilimwona mama yule sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Sekunde 5.6 ni nyingi, wakuu. Hesabuni polepole moja mpaka tano mkiwa mmeshika usukani. Lakini mfumo ulimwita mara gari, mara kitu kisichojulikana, mara baiskeli. Na kila ulipombadilishia jina, ulisahau alikotoka, ukaanza upya kukisia anakoelekea. Haukutengenezwa kufikiria kwamba mtembea kwa miguu anaweza kuvuka nje ya kivuko. Breki ya dharura ya Volvo yenyewe ilikuwa imezimwa kompyuta ya Uber inapoendesha. Msimamizi aliyekaa kwenye usukani alikuwa anatazama simu.

Miezi michache kabla ya hapo kila gari lilikuwa na wasimamizi wawili. Uber walipunguza wakabakiza mmoja. Mtu mmoja, usiku, anazunguka njia ileile mara kwa mara, gari linafanya kila kitu lenyewe: akili ya binadamu haiwezi kukaa macho namna hiyo, na hilo linajulikana tangu zamani kwa marubani na walinzi wa usiku. Msimamizi huyo ndiye aliyeshtakiwa, akakiri kosa mwaka 2023 na kupewa miaka mitatu ya uangalizi. Kampuni haikushtakiwa kwa jinai. Desemba 2020 Uber waliuza kitengo chote kile.

Mimi tangu usiku ule sikukosea tena mtu anayekokota baiskeli. Maboksi mawili. Kila mara nilikuwa namfikiria mama Elaine.

—

Kuna ndugu hapo juu ameandika kwamba ajali moja isihukumu teknolojia nzima, mbona binadamu wanaua watu kila siku. Kweli kabisa, mkuu, na mimi natoka nchi ambayo kila Desemba tunahesabu maiti za barabarani. Nataka magari haya yafaulu. Lakini soma mkasa wa Cruise, uone kilichowazamisha.

Tarehe 2 Oktoba 2023, San Francisco, gari lililokuwa linaendeshwa na mtu lilimgonga mwanamke na kumrusha mbele ya gari la Cruise lisilo na dereva. Gari la Cruise lilimgonga, likasimama. Hadi hapo yawezekana hata dereva mzuri asingeweza kuepuka. Kisha likaamua kujisogeza pembeni, kama lilivyofundishwa kufanya baada ya ajali, na mwanamke akiwa bado chini yake likamburuta kama mita 6. Halikujua kwamba yuko chini. Ukweli huo ndio ambao kampuni haikuueleza wazi kwa wasimamizi wa serikali. Jimbo la California likawasimamishia kibali tarehe 24 Oktoba, mkurugenzi akajiuzulu mwezi uliofuata, na baadaye kampuni ikakiri kwamba iliwasilisha ripoti ya uongo. Desemba 2024 General Motors wakafunga biashara ya teksi hizo baada ya kutumia zaidi ya dola bilioni 10. Gari lilikosea, ndiyo, lakini kosa la gari lingerekebishwa kwa programu mpya. Waliponyamazia mita 6 za mwili wa mtu, imani iliondoka na haikurudi.

Waymo hawakuanza na maneno makubwa. Walikaa miaka mingi kwenye vitongoji vya Phoenix, ambako barabara ni pana, zimenyooka na mvua ni chache. Walifungua huduma ya kulipia Desemba 2018 wakiwa na wasimamizi ndani, na Oktoba 2020 wakawaondoa wasimamizi kwa abiria wa kawaida. Wanaingia mji mmoja mmoja, wanauchora ramani kwanza kwa undani, ndipo wanaanza. Aprili 2025 ilitangazwa kwamba wamefikia safari zaidi ya 250,000 za kulipiwa kwa wiki: Phoenix, San Francisco, Los Angeles na Austin. Wanasema wenyewe, kwa takwimu walizochapisha, kwamba magari yao yanajeruhi watembea kwa miguu mara chache mno kuliko madereva wa kawaida, na wanaweka data zao wazi watafiti wengine wazichambue. Hilo naliheshimu sana.

Na bado yapo mambo ambayo hakuna boksi lililowahi kuyafundisha. Desemba 2023, Phoenix, gari moja la Waymo liligonga pikapu iliyokuwa inaburutwa na lori la kuvuta magari, imekaa upande kwenye leni. Dakika chache baadaye gari jingine la Waymo likaigonga pikapu ileile. Magari yote mawili yalikisia kwamba pikapu itaelekea kule ilikoelekeza pua yake, wakati ilikuwa inakwenda inakovutwa. Nikikumbuka ule mshale niliokuwa nauchora juu ya kila boksi, nalielewa kosa hilo kabisa. Mshale unasema kitu kinatazama wapi, na sisi tulizoea kwamba kinatazama kule kinakokwenda.

Tena tarehe 20 Desemba 2025 umeme ulikatika sehemu kubwa ya San Francisco. Taa za barabarani zikazimika. Magari ya Waymo yanajua kwamba taa iliyozimika ni ya kusimama, kutazama na kupita kwa zamu, lakini yalikuwa yamewekwa yaulize kwanza kwa binadamu aliyeko mbali kama yameelewa vizuri. Magari mengi yakauliza kwa wakati mmoja. Majibu yakachelewa, magari yakasimama katikati ya makutano, na kampuni ikasitisha huduma. Wakuu, mnaona? Hata gari bora kuliko yote lina mtu anayelijibu. Mtu huyo haliendeshi kwa mbali kama mchezo wa kompyuta, kampuni inasema gari ndilo linaloamua, lakini likisita, kuna mtu amevaa vifaa vya masikioni mahali fulani anaambiwa: tazama hii, niambie ni nini. Ni kazi yangu ileile ya maboksi, tofauti ni kwamba yeye anaifanya papo hapo huku abiria ndani.

—

Nimerudi baada ya swala. Maswali ni mengi, nitajibu yale ninayoyaweza.

Dada aliyeuliza kwa nini Tesla wasitumie lida kama wenzao: ni gharama, pamoja na imani. Lida za mwanzo zilizokuwa juu ya paa ziliuzwa kama dola 75,000 moja, ghali kuliko gari lenyewe. Musk aliamua kamera zinatosha kwa sababu binadamu anaendesha kwa macho. Lakini bei ya lida imeanguka mno, Wachina sasa wanatengeneza za chini ya dola 200, na gari zima la teksi la kampuni ya Kichina Baidu, Apollo RT6, linagharimu chini ya dola 30,000. Maoni yangu, kama mtu aliyetazama vitone na picha bega kwa bega: usiku wa mvua, kamera ilininyima watu ambao vitone vilinipa. Siwezi kupanda gari lisilokuwa na vyote viwili nikiwa na watoto wangu.

Mkuu aliyeuliza kama yatafika huku kwetu. Nimekulia Kongowea, Mombasa, penye soko kubwa, kwa hiyo nakujibu nikiwa na soko lile kichwani. Saa kumi na mbili asubuhi kuna mkokoteni umepakia magunia ya vitunguu mpaka anayeusukuma haonekani, unaonekana mkokoteni unajiendea. Kuna tuktuk inarudi kinyumenyume. Kuna bodaboda amebeba godoro kichwani mwa abiria. Kuna mbuzi. Volvo walikiri mwaka 2017 kwamba mfumo wao wa kutambua wanyama ulichanganyikiwa na kangaruu huko Australia, kwa sababu anaporuka gari hudhani yuko mbali na anapotua hudhani yuko karibu. Mfumo ule ulifunzwa kwa wanyama wa Sweden. Katika orodha niliyokuwa natumia kuchagua majina ya vitu hapakuwa na mkokoteni hata mmoja. Mimi mtoto wa Kongowea, nimechora maelfu ya watu wa Marekani, sikuwahi kuchora mtu mmoja wa nyumbani. Gari haliwezi kumheshimu mtu ambaye halijawahi kuonyeshwa. Tukitaka yaje huku siku moja, barabara zetu lazima zichorwe, na wachoraji wetu walipwe kwa saa, kwa mkataba, na jina la mwajiri likijulikana. Wizara zetu za kazi zinaweza kulidai hilo leo, kabla gari lolote halijateremshwa bandarini.

Kuhusu madereva. Hapa siwezi kuwapa maneno matamu. Wuhan, China, ambako Baidu wana magari mengi, madereva wa teksi walilalamika hadharani mwaka 2024 kwamba riziki yao inaondoka. Kwa upande wetu pigo la kwanza halitaanzia kwenye matatu. Litaanzia Ghuba. Wangapi humu wana kaka au mume anayeendesha gari Dubai au Abu Dhabi? Dubai imejiwekea lengo kwamba robo ya safari zote ziwe za magari yanayojiendesha ifikapo 2030, na Abu Dhabi tayari Uber na kampuni ya Kichina WeRide walianza kubeba abiria Desemba 2024. Kijana anayeuza shamba la baba yake leo amlipe wakala wa visa ya udereva, tafadhalini mwambieni habari hizi kabla hajatia sahihi.

Na yule aliyeuliza nani atabeba lawama gari likiua: Uingereza walipitisha sheria mwaka 2024 inayosema gari likiwa linajiendesha lenyewe, aliyekaa kwenye kiti hashtakiwi kwa namna gari lilivyoendesha, na wajibu unaenda kwa kampuni iliyoidhinishwa. Naiona ni haki. Nikimkumbuka yule msimamizi wa Tempe aliyebeba peke yake mzigo wa kampuni nzima, naona ingefaa sheria kama hiyo ingekuwapo mapema.

Kazi ya kuchora yenyewe imebadilika siku hizi. Akili mnemba imefunzwa kuchora maboksi yenyewe na binadamu anasahihisha tu, kwa hiyo wanahitajika wachache. Wenzangu wawili sasa wanauza nguo soko la Gikomba, mmoja amerudi Kisumu. Tulikuwa kumi na moja kwenye kikundi chetu cha WhatsApp, bado tunatakiana heri za sikukuu.

Nimalizie kwa kitu kimoja. Mtoto wa ami yangu anaishi Phoenix, na mwezi uliopita alipanda Waymo akanirekodia. Nyuma ya kiti cha mbele kuna skrini inayomwonyesha abiria kile ambacho gari linakiona: magari ni maumbo, watu ni vivuli vidogo vinavyotembea, na vile vitone vya leza vinapita juu yao kama mawimbi. Yeye alikuwa ananionyesha usukani unaozunguka. Mimi nikamwambia, rudisha kamera kwenye skrini, usiiondoe hapo. Gari lilikuwa limesimama, linamngoja mzee mmoja anayevuka taratibu akikokota baiskeli, mfuko wa plastiki umening'inia kwenye usukani wa baiskeli. Mfuko ule haukuonekana kwenye skrini. Mzee alionekana, kuanzia ukingo mmoja wa barabara mpaka wa pili, na gari halikusogea mpaka mguu wake wa mwisho ulipopanda juu ya njia ya miguu.